Makazi ya Kudumu ya Mwalimu

Ndugu waombolezaji, wazazi wetu mlioketi mbele, majirani mliosimama hadi nje ya geti, na ninyi mliotoka kazini hospitali mkiwa bado na sare zenu, poleni sana kwa msiba huu, na asanteni kwa kuacha shughuli zenu. Familia imemtuma mdogo wake marehemu, waliyefuatana ziwa, awasomee maisha ya kaka yake, na kabla hajaanza ni vizuri mfahamu kwamba karatasi hii imepita mikononi mwa shemeji yetu, yaani mjane, mara tatu, na kila ilipopita ilirudi ndefu zaidi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeishi na marehemu kwa karibu kuliko sisi sote. Ametoa amri moja tu, kwamba pale alipokuwa na wivu iandikwe wivu, mtu asije akaubatiza jina lingine kwa sababu ya heshima ya msiba.

Marehemu, ambaye mtaa mzima uliendelea kumwita Mwalimu hata baada ya kuacha kufundisha, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1955 katika zahanati ya njia panda, mama akiwa amekwenda pale kupima tu na kurudi, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa baba yetu fundi seremala na mama yetu muuza maziwa. Shemeji alipoombwa achangie sehemu hii ya utoto alikataa katakata, akasema habari za huko hazijui na hataki kuzijua, maana hiyo ni miaka ambayo watu wengine walimfaidi mume wake bila yeye kuwepo, kwa hiyo haya ni ya mdogo mtu peke yake. Alikuwa mtoto mkimya, asiyependa ugomvi, ambaye akipata visoda vya kuchezea hakuvichezea, alivipanga kwa rangi, akavihesabu, kisha akaja kumwambia mama kwamba dukani kwa jirani watu wanapenda zaidi soda ya machungwa, na mama, aliyekuwa na ndoo ya maziwa kichwani, akamuuliza, "Sasa hiyo inatusaidia nini?" Swali hilo aliulizwa na watu wengi maisha yake yote, na mara nyingi zaidi na mke wake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963, akamaliza mwaka 1969, akajiunga na sekondari ya kutwa hadi mwaka 1973, ambako alikuwa wa kwanza kwa hesabu na wa mwisho kwa kuimba, na ambako binti mmoja wa darasa lake alimwazima mkebe wa jometri muda wote wa kidato cha nne. Sisi tulitaka kuiruka habari ya mkebe, shemeji akasema isirukwe, kwa sababu mwenye mkebe leo ni bibi mwenye wajukuu, yupo hapa msibani, amevaa gauni la bluu, na shemeji angependa ajue kwamba ameonekana. Baada ya hapo alisomea ualimu kwa miaka miwili, na tarehe 6 Januari 1976 akaanza kufundisha hesabu katika shule iliyoko mkabala na soko la nguo, kazi aliyoifanya kwa moyo wake wote kwa miaka kumi na sita, na wapo hapa wanafunzi wake ambao mpaka leo wakitaja jedwali la saba wanasimama wima.

Mwaka 1985 alipeleka suruali kwa fundi cherehani aliyekuwa na kibaraza karibu na shule ile, fundi akampima, naye akamwambia kwa adabu zote kwamba anadhani kipimo kimekosewa, fundi akampima tena huku amenuna, kipimo kikawa kile kile, na Mwalimu akakiri kwamba kosa halikuwepo, alitaka tu kupimwa mara ya pili. Yeye na fundi huyo walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986, wakahamia katika mtaa mfupi ulioko nyuma ya kiwanda cha sabuni, nyumba ya vyumba vitatu mbele na kimoja uani, na wakajaliwa watoto watatu, binti mkubwa aliyezaliwa mwaka 1988, kijana wa kati aliyezaliwa mwaka 1991, na kitinda mimba aliyezaliwa mwaka 1997. Shemeji anasema miaka ile ya mwanzo ndiyo aliyoolewa hasa, kwa kuwa jioni walikaa meza moja, upande huu yeye anakata vitambaa, upande ule mumewe anasahihisha madaftari, na mmoja akiinua macho anamkuta mwenzake palepale.

Mwaka 1992 marehemu alikwenda kusomea takwimu, na tarehe 1 Julai 1993 akaajiriwa na hospitali kuu kuwa mtakwimu, kazi ambayo ilikuwa ni kuchukua mafaili ya wagonjwa, waliopona na waliokufa, na kuyageuza kuwa jedwali la kupeleka kwa wakubwa. Walimweka kwenye chumba cha mafaili ghorofa ya chini, chumba kirefu chenye rafu hadi darini, taa moja inayowaka na mbili zinazopepesa, majalada ya kahawia yamefungwa kwa kamba na mengine panya wameyamega pembeni, na kwa muda alifanya kazi kama wanavyofanya watu, saa tisa na nusu anatoka, saa kumi yuko nyumbani anauliza chai. Kisha mwaka 1998, akijaza jedwali la mwisho wa mwaka, aliona kwamba watoto wenye saratani hawana mstari wao, wote wanaswagwa kwenye mstari wa mwisho kabisa unaoitwa Magonjwa Mengineyo, pamoja na walioumwa na nge na waliomeza vifungo vya mashati. Siku hiyo alichelewa kurudi, akakaa kwenye meza ile bila kugusa chakula, akasema, "Mama watoto, mtoto hawezi kuwa mengineyo." Shemeji alidhani ni maneno ya siku moja.

Yakawa ya miaka. Aliyashusha mafaili ya zamani rafu kwa rafu, akatenga ya watoto, na katika hayo akatafuta ya saratani, ambayo mengi hayakuandikwa saratani, yaliandikwa uvimbe, jicho bovu, kukonda, mguu uliogoma kupona, hivyo ikambidi asome kila ukurasa wa kila mtoto kwa miwani na rula, akifuatisha mwandiko wa madaktari ambao, Mungu awasamehe, waliandika kama watu wanaokimbizwa. Polepole mafaili yakaanza kumwonyesha mpangilio wake, kwamba saratani ya jicho ni ya watoto wadogo kabisa, ambao hata shule hawajaanza, ya figo nayo ni ya wadogo hao hao, na aliyeugusa uvimbe kwanza mara nyingi alikuwa mama au bibi akimwogesha mtoto, uvimbe wa taya ukiwapata wanaong'oka meno ya utoto, ya mifupa ikiwafuata vijana wanaorefuka, ambao nyumbani kila mtu aliapa kwamba wameumia mpirani, na ya damu ikionekana chache mno, na yeye akang'amua kwamba si chache, ila wengi wametibiwa homa hadi wakafa kabla ugonjwa wao haujapata jina. Na katika aina zote hizo lilikuwepo jambo moja lililojirudia, faili linaanza vizuri, dripu ya kwanza ya dawa ya saratani, dripu ya pili, mtoto anapata nafuu, kisha kurasa zinakatika ghafla, mtoto harudi, na hakuna anayejua amekwenda wapi. Alitaka kujua kwa nini wengine wanamaliza dawa na wengine wanapotea, na alipima kila kitu alichokiona mafailini, umri, aina ya ugonjwa, umbali wa kwao, kazi ya baba, na jibu halikupatikana.

Mtu akisikia haya atasema ni kazi ya heri, na kweli ni ya heri, lakini aliyekuwa amekaa na chakula kinachopoa ni shemeji. Mumewe alirudi giza limeingia, akiulizwa ameshindaje anajibu kwa umri na ukubwa wa uvimbe, anakumbuka tarehe za kuzaliwa za watoto ambao hajawahi hata kuwaona sura, na siku ya kuzaliwa ya mke wake inapita kama Jumanne nyingine yoyote. Meza ikabaki na upande mmoja. Shemeji alinusa mashati ya mume wake, ameruhusu lisomwe, alinusa kuanzia kola hadi pindo akitafuta marashi ya kike, akakuta vumbi na karatasi kuukuu, na hilo likamchoma kuliko marashi. "Angekuwa na mwanamke," alimwambia dada yetu, wifi yake, "ningejua pa kuanzia."

Halafu akasikia kwamba mwanamke yupo. Alikuwa mtunza kumbukumbu wa hospitali, mrefu, mcheshi, anayejua kila faili lilipo hata taa zikizimika, ambaye nyumbani kwetu alipewa jina la Bi Mafaili kabla hajaonekana kwa macho, na familia inapenda iwe wazi kwamba hapakuwa na lolote la aibu kati yao, shemeji mwenyewe amesisitiza hivyo, ingawa amelisisitiza huku ametazama pembeni. Kilichomuuma ni kwamba kulikuwa na meza mahali, watu wawili wamekaa, mmoja upande huu na mwingine upande ule, mmoja akiinua macho anamkuta mwenzake, na mmoja wa watu hao alikuwa mume wake.

Mwezi Juni 2003 uvumilivu ukamwishia. Alifunika cherehani, akavaa gauni lake la kutokea, akabeba hotpoti la wali kama kisingizio, akaenda hospitali, si kwenye chumba cha mafaili, maana hakutaka kumpa Bi Mafaili raha ya kumwona amekuja, bali wodi ya watoto, akisema, kwa maneno yake mwenyewe, "Nikawaone hao wake wenza wadogo wanaonimalizia mume." Chini ya ngazi za wodi alimkuta mama amelala sakafuni juu ya kanga, mchana kweupe, na pembeni yake mtoto wa kike wa miaka kama mitatu, jicho moja limefungwa bandeji, ameukalia mfuko wao wa nguo ili usiibiwe. Mtoto akamuuliza, "Wewe ni nesi?" Shemeji, aliyekuja pale kugomba, akajikuta anajibu, "Hapana, mimi ni mke wa mafaili," na mtoto akalikubali jibu hilo kama kazi mojawapo ya hospitali.

Mama yule alipoamka alieleza kwamba mtoto ametoka wodini hadi dripu ijayo, majuma matatu, kwao ni safari ya mabasi mawili na kulala njiani, nauli aliyokuwa nayo ingemfikisha nyumbani lakini isingemrudisha, na ndugu hapa mjini hana, kwa hiyo alikuwa anachagua kati ya sakafu ile na kwenda asirudi tena. Shemeji akamwambia, "Inuka, mama, twende, hapa si pa kulala mtu," akambeba mtoto mgongoni akiwa na gauni lake lile la kutokea, akawapeleka kwenye chumba cha uani alichokuwa anakatia vitambaa. Watu wamekuwa wakimsifu kwa huruma, na leo amewakataza, amesema haikuwa huruma, huruma ilikuja baadaye, siku ile ilikuwa wivu, alitaka kile ambacho mumewe alikuwa anakitafuta kule kutwa nzima kiwe huku, kwake, chini ya paa lake, na mumewe asijue.

Na kweli hakujua, hilo ndilo gumu kusadiki, lakini waliomfahamu Mwalimu watasadiki. Mama mmoja alimleta mwingine, godoro moja likawa mawili, yakawa manne, waliosubiri dripu walikaa, waliomaliza waliondoka, na waliokaa walimsaidia shemeji kutia vifungo na kukunja pindo za sare za shule, na marehemu, aliyekuwa anatoka alfajiri na kurudi usiku, alikuwa akipita uani kwenda kunawa anaona kandambili nyingi mlangoni, anasema, "Mama watoto, naona una wageni," shemeji anajibu, "Ninao," na mazungumzo yanaishia hapo. Alidhani ni ndugu wa mke, na kwa heshima ya ukwe hakuuliza wanaondoka lini. Dada yetu alimsihi shemeji amwambie mumewe, naye akashikilia neno moja, "Akiuliza nitamwambia," kwa maana alitaka aulizwe, alitaka mara moja tu yule bwana amtazame kwa makini kama anavyotazama karatasi, aseme, wewe mwanamke, unashinda unafanya nini? Alisubiri swali hilo miaka mitatu.

Mwaka 2006 marehemu aliona mafailini jambo lililomtoa jasho. Katika nafasi ya makazi, mtaa mmoja ulikuwa unajirudia, mtaa mfupi usio na nyumba hata thelathini, ambao kwa watoto wenye saratani ulikuwa umezishinda wilaya nzima, saratani za jicho, za figo, za taya, zote humo, na mtaa huo ulikuwa ni mtaa wake, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Hakusema neno nyumbani, alihofia kuwatia watu kiwewe kabla hajawa na hakika, lakini akaanza kukinga maji ya bomba kwenye chupa na kuyapeleka kupimwa, akachota ya kisimani, akachota ya mfereji wa kiwanda hadi mlinzi akamfukuza, akawakataza wanawe kunywa hata tone lisilochemshwa mara mbili. Habari zikavuja kama zinavyovuja, wapangaji wakaanza kuhama, jirani mmoja akampeleka mtoto wake kwa bibi yake, na wengine mliopo hapa mnakumbuka mlivyomjia juu mkamwambia anaharibu jina la mtaa, naye akawajibu kwamba majina si kazi yake, kazi yake ni kujua watoto hawa wanaugua kwa nini.

Majibu ya maji yalipotoka hayana kasoro, akaomba mabwana afya wawili, wakapita naye nyumba hadi nyumba wakiuliza mtoto gani mgonjwa, Bi Mafaili akiwa nyuma yao na majalada kifuani, na kila nyumba ikajibu hapana, hapa hayupo, hapa hajawahi kuwepo. Nyumba yake aliiacha ya mwisho, kwa sababu aliamini anaijua. Aliingia kwa mlango wa uani, saa nne ya asubuhi, saa ambayo miaka mingi hakuwahi kuwa nyumbani siku ya kazi, akakuta chini ya kamba ya nguo watoto watatu wamekaa kwenye mkeka wanakunywa uji, vichwa vimenyonyoka nywele, mama zao wanatia vifungo, na mke wake amesimama katikati na utepe shingoni. Akauliza, "Hawa ni nani?"

Hilo ndilo swali lililosubiriwa miaka mitatu, na shemeji, aliyekuwa amelitayarishia hotuba nzima, alimwona Bi Mafaili pale mlangoni, hotuba ikamtoka kichwani, akasema kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, "Ni watoto wako." Mabwana afya wakainamisha macho kwa aibu. "Wale wa kule mafailini," akamalizia, "wanalala kwangu tangu mwaka juzi na ule wa nyuma yake, wewe unapita hapa unaona kandambili." Ndipo mambo yalipoeleweka, kwamba kila mama aliporudi kwa dripu na kuulizwa anakaa wapi alitaja mahali alipoamkia, kwa ukweli kabisa, na kila faili lilipochakaa na kufunguliwa jipya, mtaa huo ndio ulioandikwa, na hapakuwa na sumu kwenye maji wala kwenye mfereji, palikuwa na chumba cha uani. Bi Mafaili ndiye aliyecheka kwanza. Marehemu hakucheka, alivua miwani, akaifuta, akamtazama mke wake, na katika maneno yote ya Kiswahili akachagua haya, "Kumbe ni wewe unayeniharibia takwimu."

Majuma mawili hawakusemeshana.

Katika majuma hayo alirudi kwenye mafaili yale yale, akayatenga ya mtaa wetu upande mmoja ili ayaondoe, na alipoyatenga akaona kwamba yana kurasa nyingi kuliko mengine, hayakatiki katikati, watoto walewale, umri ule ule, ugonjwa ule ule, kwao kule kule mbali, waliokosa pa kulala wakapotea baada ya dripu ya pili, na waliolala nyuma ya kiwanda cha sabuni karibu wote wamemaliza dawa, wengine wamepona na wengine wamekufa, lakini hata waliokufa walikufa wakitibiwa. Jibu alilolitafuta miaka minane lilikuwa godoro, na godoro lenyewe lilikuwa lake. Alifurahi mno, na kwa furaha hiyo akamwambia mtu wa kwanza aliyekuwa karibu, ambaye alikuwa Bi Mafaili, ambaye alikutana na shemeji sokoni kesho yake na kumpongeza, kwa hiyo shemeji alizipata habari zake mwenyewe mdomoni mwa mwanamke mwingine, mbele ya muuza nyanya.

Kuanzia hapo marehemu aliomba hospitali ibadili faili la mtoto, ile nafasi moja ya makazi iwe mbili, ya kwanza makazi ya kudumu, ya pili anakofikia, na maombi hayo yakakubaliwa, na miaka mitano baadaye, tarehe 3 Oktoba 2011, likafunguliwa jengo la kulala mama na watoto wanaosubiri dawa, lenye vitanda, jiko na maji. Shemeji alishona mashuka na mapazia yote ya jengo hilo, akakaa safu ya tatu, akamtazama mumewe jukwaani akionyesha michoro, Bi Mafaili amesimama pembeni yake akimshikia kijiti, na ukutani kukatokea mstari mfupi ulioandikwa Kundi la Kwanza na mstari mrefu ulioandikwa Kundi la Pili. Watu walipiga makofi. Waliporudi nyumbani shemeji akauliza, "Mimi ndiye Kundi la Pili?" Marehemu akamweleza kwa upole kwamba ni utaratibu tu wa kupanga, la kwanza ni wale wasio na pa kulala, halina maana ya ukubwa. Shemeji akampa vidonge vyake, "Basi na wewe nikujazie faili lako. Makazi ya kudumu, hospitali. Anakofikia, kwangu." Marehemu akacheka, akadhani ni utani, na shemeji hakuwa anatania, akawa anamwambia hivyo kila alipomwona anavaa viatu, "Haya, nenda kwenu," anasema, na bwana anacheka, anakwenda.

Alistaafu tarehe 9 Agosti 2015, akakaa nyumbani juma moja, la pili akaanza kurudi hospitali kujitolea, kwa kuwa alisema mafaili ya miaka ya sabini bado hajayagusa, na shemeji aliyekuwa ameisafisha ile meza na kuitandika kitambaa kipya akaizoea tena ya upande mmoja. Mwaka 2019 figo zake zilianza kushindwa kazi, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa juma, na alipoishiwa nguvu za kutembea alikaa nyumbani, kwenye meza, shemeji anashona, yeye anasoma, na haya ni maneno ya shemeji, tusimlaumu, kwamba aliuonea ugonjwa shukrani ambayo anaionea haya. Bi Mafaili alikuja kila Jumamosi na majalada, akaruhusiwa kukaa, akapewa chai, na kikombe kilichukuliwa mkononi mwake kikiwa bado na funda moja.

Tarehe 11 Machi 2023 hali ilibadilika, tukamkimbiza hospitali, na pale mapokezi mwandikishaji mgeni, asiyemjua Mwalimu ni nani, akaanza kumsomea maswali ya faili kwa mpangilio, faili lile lile lenye nafasi mbili. Alipofika kwenye makazi ya kudumu shemeji alifungua mdomo amjibie, kwa kuwa mgonjwa alikuwa anahema kwa shida, lakini marehemu aliinua mkono kumzuia, akasema, polepole, kila neno na pumzi yake, "Kwa mke wangu. Fundi cherehani. Nyuma ya kiwanda cha sabuni." Mwandikishaji akaandika, akauliza, "Na hapa mjini anafikia wapi?" Marehemu akatazama huku na huku, ukuta aliotembea kando yake miaka ishirini na kitu, ngazi za kushukia chumba cha mafaili, akasema, "Hapa. Hapa nimefikia tu." Shemeji alitoka nje, akasema anakwenda kutafuta maji ya kunywa, na mdogo wake marehemu, aliyemfuata, alimkuta ameegemea ukuta, kanga mdomoni, analia, na hata katika kulia huko alikuwa amekasirika, akasema, "Miaka yote hiyo, shemeji, na amekwenda kumwambia mtu wa mapokezi."

Marehemu alikata kauli siku iliyofuata, na tarehe 14 Machi 2023, saa tisa alasiri, akaaga dunia, mkono wake ukiwa mkononi mwa mke wake, ambaye alikuwa ameomba watu wote watoke, na sote tulitoka. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, na ndugu zake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, ambao walimvumilia akiwauliza idadi ya wagonjwa wao kila alipolazwa, inawashukuru majirani wa mtaa, ambao walimsamehe habari ya maji, na wafanyakazi wenzake wote wa hospitali. Inamshukuru pia mtunza kumbukumbu, ambaye jina lake la heshima lilifutwa kwenye karatasi hii mara mbili na likaandikwa tena mara ya tatu, kwa mkono ule ule uliolifuta, na ambaye ameombwa asiondoke baada ya mazishi, kuna kikombe cha chai kinamsubiri, na safari hii atakimaliza. Mama na watoto wengi mliojaa hapa leo mkisema mmefiwa na baba yenu, shemeji amewasikia, anasema mumlilie lakini mkumbuke kwamba baba huyo mmeazimwa tu, na jengo la hospitali likijaa, chumba cha uani kipo.

Pumzika kwa amani, kaka yetu. Shemeji amesimama hapa pembeni, ameshika kipande cha mwisho cha karatasi hii kwa mkono wake ili kisirukwe, naye anasema huko nako umefikia tu, makazi yako ya kudumu ni pale pale ulipoyataja.